Je, Wajua? Sinema Iliyoizamisha Meli ya Kigoma

Je, wajua kwamba filamu ya mapenzi iliyoifanya vita ya Ziwa Tanganyika ijulikane duniani, kamera zake hazikufika Kigoma? Filamu hiyo ni The African Queen ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston. Ilipigwa Uganda, kwenye Maporomoko ya Murchison na bandari ya Butiaba ya Ziwa Albert. Ikapigwa pia Kongo ya Wabelgiji, kwenye Mto Ruiki, karibu na mji ambao leo unaitwa Ubundu. Mengine yakamaliziwa kwenye studio za London. Mtu wa Gungu au Mwanga mjini Kigoma akiitazama atatafuta milima ya Kongo ng'ambo ya maji, na hataiona.

Kisa chenyewe ni hiki. Ni Septemba 1914, mwanzo wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Rose Sayer anaishi na kaka yake mmisionari katika kijiji cha kubuni kiitwacho Kungdu. Wanajeshi wa Kijerumani wanaingia, wanachoma nyumba na kuwaswaga wanakijiji. Kaka mtu anaugua, anafariki. Anatokea Charlie Allnut, fundi mlevi anayesambaza barua na mizigo kwa boti chakavu ya mvuke, anampakia Rose na kukimbia naye. Botini mna baruti na mitungi ya gesi. Charlie angependa wajifiche kwenye kisiwa mpaka vita viishe. Rose hataki. Anasema wateremke na mto mpaka ziwani, wageuze ile mitungi kuwa topido, waizamishe manowari ya Wajerumani, Louisa.

Wanapita chini ya ngome huku risasi zinawamiminikia. Wanavuka maporomoko. Shafti ya rafadha inapinda, wanaivua na kuinyoosha kwa moto wa kuni ukingoni. Wanakwama kwenye matete, na Charlie anapopanda kutoka majini kuivuta boti, mwili mzima umejaa ruba. Katikati ya taabu hiyo wanapendana, tena kwa adabu za kizamani: ni baada ya kulala pamoja ndipo Rose anapomwuliza jina lake la kwanza. Kwangu hicho ndicho kipande kitamu kuliko yote, kuliko hata maporomoko.

Sinema za kupenda na kunusurika vitani huwa zinawachagua vijana wadogo. How I Live Now ya 2013 ni mfano: Saoirse Ronan ni msichana wa Kimarekani anayekwama mashambani Uingereza vita vikizuka, na anampenda kijana wa nyumba aliyofikia. Huston alichukua watu wazima. Wakati wa kupiga picha Katharine Hepburn alikuwa na miaka 44, na Humphrey Bogart 51. Ilimlipa: Bogart alipata Oscar kwa uhusika wa Charlie, na ndiyo Oscar pekee aliyoipata maishani.

Sasa turudi kwetu. Mto wa kwenye filamu unaitwa Ulanga. Je, wajua kwamba Ulanga upo kweli, ila hauelekei Ziwa Tanganyika? Ni jina lingine la Kilombero, mto wa Morogoro unaokutana na Luwegu na kufanya Rufiji. Ukiteremka nao hufiki Kigoma; unafika kwenye mikoko ya delta ya Rufiji na Bahari ya Hindi. Kosa hilo la ramani linatoka kwenye riwaya ya mwaka 1935 ya Mwingereza C. S. Forester, ambayo filamu iliifuata. Lakini lina mzaha wake. Delta hiyohiyo ndimo ilimojificha manowari ya kweli ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Königsberg iliangamizwa Rufiji Julai 1915. Wajerumani wakaivua mizinga yake, wakaitawanya nchi nzima. Mmoja ulisafiri kwa reli ya kati mpaka mwisho wa reli, ukafungwa kwenye meli ambayo Forester aliigeuza kuwa Louisa.

Meli hiyo watu wa Kigoma wanaijua. Ni Liemba.

Ilijengwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kwenye kiwanda cha Meyer, kwa jina Graf von Götzen. Götzen huyo ndiye gavana aliyekuwa madarakani wakati wa Vita vya Maji Maji. Baada ya kuunganishwa ilifumuliwa, kila bati na kila bomba likapewa namba, vyote vikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa mpaka Dar es Salaam. Reli ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka 1914, kwa hiyo makasha yakaja kwa treni. Mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, wakisaidiwa na mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika, waliiunganisha upya ufukweni, ribiti kwa ribiti. Vita vikazuka kazi haijaisha. Ilishushwa majini Februari 1915, meli ya kiasi cha mita 70, na hakuna chombo kingine ziwani kilichoweza kusimama mbele yake.

Wabelgiji upande wa pili walikuwa na meli yao, Alexandre Delcommune, lakini Wajerumani waliiharibu tangu Agosti 1914. Ziwa zima, kiasi cha kilomita 670 toka Burundi hadi Zambia, likawa mikononi mwao. Walisafirisha askari popote walipotaka, wakavamia ufuko wowote walioutaka.

Je, wajua kwamba Waingereza walileta boti zao kwa kuzivuta porini? Wazo lilikuwa la mwindaji mmoja, John Lee, aliyekwenda London mwaka 1915 na kuwaeleza wakuu wa jeshi la majini kwamba boti mbili ndogo zenye mwendo zinatosha. Kazi akapewa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa ambaye mpaka hapo alikuwa hajafanya la maana. Alitaka boti ziitwe Paka na Mbwa, kwa Kiingereza bila shaka. Wakubwa wakakataa. Akapendekeza Mimi na Toutou, majina ambayo Wafaransa huwaita wanyama haohao nyumbani, na wakubwa wakayapitisha.

Mimi hiyo haina uhusiano na "mimi" yetu, ingawa sidhani kama kuna mtu Kigoma atakayeisikia na asitabasamu.

Kila boti ilikuwa na urefu wa futi 40. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikashushwa Cape Town, zikapandishwa treni mpaka Fungurume, Katanga. Hapo reli ikakoma. Mbele kulikuwa na milima ya Mitumba, na njia hapakuwa. Zilivutwa kwa mashine za mvuke na maksai. Vibarua wa Kikongo wakifyeka miti, wakijenga madaraja ya magogo, wakizizuia kwa kamba boti zisikimbie kwenye miteremko. Mashine za mvuke zinakunywa maji kupita kiasi, na ilikuwa kiangazi. Wanawake wa vijiji vya njiani walikodiwa kuleta maji, wakatembea maili nyingi na mitungi kichwani ili mashine isonge hatua chache. Ukitafuta picha moja ya vita hivi ambayo ingestahili sinema, chukua hiyo: mwanamke wa Katanga akimimina mtungi wake ndani ya bomba la mashine ya Mwingereza. The African Queen haina hata mwanamke mmoja Mwafrika mwenye jina. Wale wanakijiji wanaoswagwa Kungdu mwanzoni mwa filamu, kamera haiwafuati tena.

Zilipomaliza milima, boti zilipanda reli tena, zikateremka na Mto Lualaba, zikapanda reli nyingine, na mwishoni mwa Oktoba 1915 zikafika mlangoni mwa Mto Lukuga, pale ulipo mji wa Kalemie leo, upande wa pili wa maji kutoka pwani yetu.

Wajerumani walihisi kuna jambo. Mwanzoni mwa Desemba ofisa wao mmoja, Rosenthal, aliogelea usiku mpaka karibu na ufuko wa Lukuga kuchungulia. Aliona alichokiona, lakini chombo chake kikamkosa gizani, na asubuhi Wabelgiji wakamkamata. Kilichofuata ni kama kisa cha kubuni. Aliomba kuwaandikia wakubwa wake Kigoma barua ya kawaida ya mateka. Akaruhusiwa. Kwenye karatasi hiyohiyo akaongeza maandishi ya siri kwa kutumia mkojo wake, maandishi ambayo hayaonekani mpaka karatasi ipashwe moto. Barua ilifika. Miezi ikapita kabla ya mtu kuyagundua yaliyofichwa humo, na wakati huo siri ilikuwa imeshapoteza thamani.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, ilikaribia Lukuga. Mimi na Toutou zikatoka, zikaitandika, zikaikamata. Waingereza wakaitengeneza, wakaiita Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi zikaizamisha ya pili, Hedwig von Wissmann. Siku iliyofuata Graf von Götzen yenyewe ikatokea, ikipita taratibu kumtafuta mwenzake. Mabaharia wa Spicer-Simson walikuwa tayari. Yeye akakataa, na hakutoka tena kupambana nayo. Huyo ndiye shujaa wa kweli wa vita ambavyo filamu iliviazima: ofisa aliyejichora mwili kwa chale za wino na kuvaa sketi ya kaki kwa sababu ya joto. Inasimuliwa kwamba watu wa upande wa Kongo walimfinyanga sanamu za udongo. Nani angethubutu kumweka mtu kama huyo kwenye riwaya? Forester alimwacha, akabuni wapenzi wawili na boti mbovu. Mtunzi alijua kazi yake.

Je, wajua kwamba mwisho wa riwaya na mwisho wa filamu haufanani? Kwenye riwaya mpango wa topido unashindikana, na manowari inazamishwa na boti za Waingereza, karibu na ilivyokuwa kweli kwa Hedwig. Huston hakuutaka mwisho huo. Kwenye filamu Rose na Charlie wanakamatwa, wanahukumiwa kunyongwa, wanamwomba nahodha Mjerumani awafungishe ndoa kwanza. Anawafungisha. Kabla kamba hazijakazwa, Louisa inaikanyaga African Queen iliyopinduka na topido zake, inalipuka, na maharusi wanaogelea kwenda zao.

Ya kweli ilikwisha hivi. Juni 1916 ndege za majini za Wabelgiji zilivuka ziwa na kuidondoshea Götzen mabomu bandarini Kigoma. Mzinga wa Königsberg ulikuwa umeshang'olewa kwa matumizi ya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga bandia wa mbao ili kuwatisha maadui kwa mbali. Julai, Wabelgiji wakiukaribia mji, amri ilitoka meli izamishwe. Amri iliwafikia walioijenga. Walizipaka injini grisi nzito, kila kiungo, wakaijaza mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha polepole karibu na mdomo wa Malagarasi, kusini mwa Ujiji. Hawakuilipua. Mtu hapaki grisi kitu asichotegemea kukiona tena.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena bandarini Kigoma. Mwaka 1924 Waingereza wakaiinua kwa mara nyingine. Injini na matangi ya mvuke vikakutwa vinafaa baada ya miaka karibu minane ya maji. Tarehe 16 Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa, ambalo Livingstone aliliandika alipofika huko mwaka 1867.

Kwa hiyo mwaka 1951, Bogart na Hepburn walipokuwa "wakiizamisha" mbele ya kamera, meli yenyewe ilikuwa inafanya safari zake za kawaida toka Kigoma kwenda Mpulungu, kusini mwa ziwa. Abiria wake wa daraja la tatu hawakuwa na habari.

Wasiowahi kuisafiria waelezwe kidogo. Vituo vingi vya Liemba havikuwa na gati. Meli ilisimama kwenye kina, ikapiga honi, na mitumbwi na maboti yakatoka ufukweni yakishindana nani awahi ubavuni. Mlango wa pembeni ulifunguliwa. Magunia ya dagaa yalipanda, mananasi yakapanda, kuku wakapanda wamefungwa miguu, mama akampitisha mtoto kwa mikono ya watu asiowajua kisha akaruka mwenyewe. Usiku ilifanyika hivyohivyo, kwa taa. Lagosa, Kabwe, Kipili, Kasanga: vijiji vingi vya pwani hii vilikuwa vikipanga wiki zao kwa honi hiyo. Injini za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970 zikawekwa za dizeli. Katika miaka ya karibuni meli ilipumzishwa kwa matengenezo makubwa.

Lakini kuna safari moja ambayo naiona inazidi riwaya ya Forester. Mwaka 2015, fujo za kisiasa zilipozuka Burundi kuanzia Aprili, watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilicho mpakani kabisa, kaskazini ya Gombe. Kagunga imebanwa kati ya mlima na maji. Barabara ya gari haikuwepo. Unatoka kwa kupanda mlima au kwa chombo. Katika wiki chache ufuko wa kijiji kile ulijaa makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake na watoto, wakilala juu ya mchanga. Kipindupindu kikaingia.

Liemba ikatumwa. Haikuweza kusogea ufukweni, kwa hiyo wakimbizi walibebwa kwa maboti madogo mpaka ubavuni mwake, kama walivyobebwa abiria wa kila siku. Ilichukua kiasi cha watu 600 kwa safari, ikawashusha Kigoma, wakapitia Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Ikarudi Kagunga kuchukua wengine. Haikuwa mara yake ya kwanza: mwaka 1997 iliwarudisha makwao wakimbizi wa Zaire, nchi iliyobadilishwa jina mwaka huohuo kuwa Kongo.

Mtengeneza filamu anayetaka vijana wawili wa miaka kumi na sita, vita, na chombo cha kuwaokoa, asihangaike na mto wa kubuni. Awaweke kwenye foleni ya Kagunga, mmoja apande boti la asubuhi na mwingine aambiwe asubiri la jioni. Hata meli ya kuigiza hahitaji kuitafuta.

Machache ya haraka, kwa wanaopenda nyuma ya pazia ya The African Queen.

Ruba wa Charlie walikuwa wa mpira. Bogart alikataa wale wa kweli, na kipande hicho kikapigwa studio London. Hepburn aliugua tumbo vibaya kwa kunywa maji, ilhali Bogart na Huston, waliokunywa wiski, hawakuugua. Bogart alilisimulia hilo maisha yake yote kana kwamba ni ushauri wa daktari. Hepburn alikiandikia kitabu kizima kisa cha utengenezaji wa filamu hiyo mwaka 1987. Huston naye alikuwa na hamu ya kuwinda tembo kuliko kuongoza filamu, na mwandishi Peter Viertel, aliyekuwa naye, akalitungia jambo hilo riwaya. Mwaka 1990 Clint Eastwood akaitengenezea filamu. Wakiwa Ruiki, boti ya African Queen ilizama kweli, bila topido, ikabidi ivutwe juu kwa kamba na nguvu za watu.

Na boti hiyo bado ipo. Iliundwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912, ikaja kufanya kazi kwenye maziwa na mito ya Afrika Mashariki, na baadaye ikapelekwa Marekani. Leo ipo Key Largo, Florida, ambako watalii hulipa kuipanda. Kwa umri imeitangulia Liemba mwaka mmoja. Forester alifariki 1966, Bogart 1957, Huston 1987, Hepburn 2003. Vyombo vyote viwili, kilichozamisha na kilichozamishwa, vimewazika wote.